Merikebu Zinazorudi Pale Zilipotoka

Yeyote kati yenu aliyepata kuteremka mto Kongo kutoka Kisangani mpaka Kinshasa anajua jambo hili: chomboni watu hawakai kimya. Siku ya kwanza kila mtu hulinda mzigo wake na kumtazama jirani kwa shaka. Siku ya pili mama huyu humwazima mama yule sufuria. Siku ya nne watoto wao wanakula sahani moja, na akina baba wamekwisha kuelezana habari za mashamba, za mahari, na za mkubwa mkali wa kazini. Wakifika bandarini, kila mmoja hushika njia yake. Lakini miaka ikipita, wakikutana sokoni, huitana kwa sauti hata wapita njia wakageuka: "Je, si wewe tuliyekuwa naye chomboni?"

Sisi hupanda chombo kwa sababu tunakwenda mahali. Tuna mgonjwa wa kutazama, tuna samaki wa kuuza, tuna mtoto wa kupeleka shuleni. Wako watu wengine, hasa katika Marekani, Uingereza, Ujerumani na Australia, ambao hupanda merikebu bila kwenda popote. Huondoka bandarini Jumamosi, huzunguka visiwa vitatu au vinne, na Jumamosi ya pili hushuka kwenye gati lile lile walilopandia. Tena wametoa fedha nyingi kwa safari hiyo. Wala si watu wachache: mwaka 2023 walikuwa zaidi ya milioni 31 ulimwenguni.

Nadhani wengi wenu mtacheka, kama nilivyocheka mimi niliposikia habari hizi mara ya kwanza. Kulipa nauli ili urudi ulipotoka! Ukiwauliza wenyewe walifuata nini, watakuonyesha picha za bahari, za machweo ya jua, na za chakula, maana hupenda mno kupiga picha za chakula. Lakini ukiwasikiliza kwa muda, wakazoea kuongea bila kukujali, utaona kwamba maneno yao hayakai sana juu ya bahari. Huzungumza juu ya watu. "Unamkumbuka yule mwalimu mzee wa meza yetu? Amefanyiwa upasuaji wa goti." "Na yule mhudumu wa chumba chetu, mke wake amejifungua?" Hapo ndipo nilipoacha kucheka.

Jinsi mambo yalivyoanza

Hapo zamani mtu aliyetaka kuvuka bahari ya Atlantiki hakuwa na njia nyingine ila merikebu. Wakati wa baridi bahari ile huchafuka vibaya, abiria walipungua, na vyombo vikubwa vilikaa bure bandarini vikila fedha za wenyewe. Albert Ballin, mmoja wa wakubwa wa kampuni ya merikebu ya Hamburg, aliitazama hasara hiyo akapata shauri. Tarehe 22 Januari 1891 merikebu Augusta Victoria iliondoka Cuxhaven na abiria 241, kwenda kuzunguka bahari ya Mediteranea, kisha kurudi nyumbani. Ballin mwenyewe alikuwamo.

Hata hivyo, kwa muda mrefu starehe hiyo ilibaki kwa matajiri. Kilichoifungulia watu wa kawaida mlango kilikuwa ndege. Mwezi wa Oktoba 1958 ndege za jeti zilianza kupeleka abiria kati ya Ulaya na Amerika, na safari ya siku tano ikawa ya saa chache tu. Nani angepanda merikebu tena? Makampuni mengi yalifunga kazi, na vyombo vizuri viliuzwa kwa bei ya chuma. Ndipo watu wachache walipoyakumbuka mawazo ya Ballin. Tarehe 19 Desemba 1966 merikebu Sunward, mali ya Mnorwe aitwaye Knut Kloster, iliondoka Miami kwenda visiwa vya Bahama, ikiwa na abiria waliotaka tu jua na kupumzika. Mwenzake katika biashara hiyo, Ted Arison, aliachana naye baadaye kwa ugomvi, na mwaka 1972 akaanzisha kampuni yake mwenyewe, Carnival. Merikebu yake ya kwanza, Mardi Gras, ilitoka bandarini Miami tarehe 11 Machi 1972, na kabla haijafika mbali ikakwama juu ya fungu la mchanga, mbele ya macho ya watu wa pwani! Abiria hawakulia. Waliendelea kunywa na kucheza mpaka chombo kiliponasuliwa. Kampuni iliyoanza kwa aibu hiyo ikaja kuwa kubwa kuliko nyingine zote za kazi hiyo.

Vyombo vya siku hizi hata havifanani na vile. Ile iitwayo Icon of the Seas, iliyoundwa Turku katika Finland, ilianza safari zake na abiria kutoka Miami tarehe 27 Januari 2024. Urefu wake ni mita 365, sitaha zake ni 20. Inaweza kuchukua abiria 7,600 na wafanyakazi 2,350. Ukipima nafasi ya ndani, inaishinda Titanic mara tano. Huo si mtumbwi, huo ni mji wenye maduka, michezo, hospitali ndogo, na hata chumba cha kufungia wakorofi.

Hapa niruhusuni nitoke njiani kidogo, kwa ajili ya wasomaji wetu wa Kalemie, Moba na Uvira. Katika Ujerumani ya kaskazini uko mji mdogo, Papenburg, kando ya mto Ems, mbali na bahari. Kiwanda cha Meyer cha mji huo, kilichoanza mwaka 1795, huunda merikebu za starehe kubwa mno, hata hulazimu kuzivuta kinyumenyume katika mto ule mwembamba mpaka zifike baharini. Kiwanda hicho hicho ndicho kilichounda, mwaka 1913, meli Graf von Götzen. Ilifunguliwa vipande vipande, ikatiwa katika maelfu ya masanduku, ikapelekwa Dar es Salaam, na kutoka huko kwa gari moshi mpaka Kigoma. Wajerumani wenyewe waliizamisha mwaka 1916 ili adui asiipate. Waingereza waliitoa majini mwaka 1924, na mwaka 1927 ilirudi kazini kwa jina jipya: Liemba. Naam, Liemba yetu ya ziwa Tanganyika, iliyorudisha kwao maelfu ya wakimbizi wa Kongo mwaka 1997, ni dada mkubwa wa majumba hayo yaeleayo. Mikono ya mji mmoja iliyaunda yote.

Meza ya watu wanane

Sasa turudi kwa abiria wetu. Urafiki wao huanzia wapi? Mara nyingi huanzia mezani.

Kadiri ya desturi ya zamani, kila abiria alipopanda alipewa namba ya meza na saa ya kula. Kundi la kwanza lilikula jioni kama saa kumi na mbili, la pili kama saa mbili usiku. Meza ilikuwa ya watu wanane au kumi wasiojuana, nao waliketi pamoja kila jioni mpaka mwisho wa safari, wakihudumiwa na mhudumu mmoja. Fikirini jambo hilo. Mtu wa Ohio aliyefanya kazi ya bomba miaka arobaini anawekwa karibu na mwalimu wa Uskoti na mkewe, karibu na dada wawili wazee wa Kanada, na kijana na mchumba wake waliopanda chombo kwa mara ya kwanza na wasiojua uma upi ni wa samaki. Jioni ya kwanza huzungumza juu ya hali ya hewa. Jioni ya pili hutajiana idadi ya wajukuu. Jioni ya tatu mmoja wao anachelewa kufika, na wengine wote wanaanza kuhangaika: "Yuko wapi? Ameugua? Nani aende kubisha hodi?"

Hiyo jioni ya tatu ndiyo ninayoipenda. Siku mbili tu zimepita, na tayari mtu asiye ndugu yao ana kiti kinachoonekana kuwa kitupu.

Tangu mwaka 2000 kampuni moja ya Norwei na Marekani ilianza kuwaacha abiria wale saa wanayotaka na mahali wanapotaka, na nyingine zilifuata kwa sehemu. Wengi wanaupenda uhuru huo. Wazee wa bahari hawaupendi sana. Husema kwamba siku hizi mtu aweza kukaa siku saba katikati ya watu elfu tano asijue jina la hata mmoja, naye akashuka kama alivyopanda. Kwa hiyo wenyewe huomba meza kubwa ya zamani, pale inapopatikana bado.

Wamejitungia na michezo yao. Wengine hupamba mlango wa chumba chao kwa karatasi na vishikizo vya sumaku, ili wapitao wasome walikotoka na sherehe wanayofanya: "Miaka hamsini ya ndoa," "Siku ya kuzaliwa ya Bibi." Wengine hubeba sandukuni bata wadogo wa mpira, kama wale wachezewao na watoto bafuni, na kuwaficha huku na huku merikebuni, nyuma ya taa, chini ya ngazi, kila bata na kijikaratasi shingoni. Atakayemwona ni wake. Mchezo huo umeenea sana tangu mwaka 2018, na nimesikia kwamba watu wazima wenye mvi huinama chini ya meza kuwatafuta. Mhudumu wa chumba naye hukunja taulo akaifanya tembo au nyani, akaiweka kitandani. Asubuhi watu hupeana habari, nani amepata mnyama gani.

Na wale ambao wameandikiana kabla ya safari hupatana mahali pa kukutana siku ya kwanza baharini. Huletewa kahawa na keki, hutazamana wakishangaa. "Kumbe wewe ni mrefu namna hii!" Kisha hutembeleana vyumbani, kuona cha nani kina dirisha, cha nani kina baraza, na cha nani kiko ndani kabisa, giza kama tumbo la samaki wa Yona. Hupeana zawadi ndogo za kwao: jamu ya matunda, soksi zilizofumwa kwa mkono, kitambaa cha sahani.

Siku zinazobaki

Safari ya kawaida ni siku saba. Mwaka una siku 365. Watu hawa hufanya nini katika siku 358 zinazobaki?

Wanaandikiana. Zamani ilikuwa barua na kadi za Noeli. Siku hizi ni simu, na kwa simu mtu aweza kumsalimu mwenzake kila kukicha. Anayeamka kwanza huandika, "Kahawa iko tayari, karibuni," ingawa mmoja yuko Florida, mwingine Wales, mwingine Queensland ambako jua linatua. Kisha zinafuata habari. Theluji imefika dirishani. Mbwa amekula kiatu. Nimepika supu ya maharagwe, imeungua. Leo nina daktari wa macho. Mjukuu ameshindwa mtihani, mama yake analia, yeye hana habari. Katikati ya hayo mtu hukumbusha: "Zimebaki siku 112!" maana kila mwenye safari iliyolipiwa huhesabu siku kama mtoto wa shule anavyohesabu siku za likizo.

Ukisoma maneno hayo kwa haraka, utasema ni upuuzi. Hakuna hekima, hakuna habari ya maana. Supu iliyoungua ina faida gani? Lakini jiulize, mnazungumza nini ninyi jioni mkiketi nje ya nyumba? Mwanamke akipita na ndoo humwambia jirani yake kwamba maji ya leo ni machafu. Jirani hakuwa na haja ya kuambiwa, maana naye ametoka kuyateka. Neno lile halikupeleka habari ya maji. Lilisema: niko, nimekuona, umeamkaje?

Na katika nchi zile wako wengi wasio na wa kuambiwa neno hilo. Watoto huhama kwa ajili ya kazi, umbali wa siku mbili kwa gari. Mwenzi hufa. Nyumba ni nzuri, ina joto, ina jokofu lililojaa, na simu haikulia tangu Jumapili. Tusiwahukumu upesi watoto wao. Hata kwetu, ni wazee wangapi vijijini wanaongojea barua ya kijana aliyekwenda Lubumbashi au Kolwezi?

Gazeti ziliwahi kuandika habari za mjane mmoja Mmarekani, ambaye mumewe alifariki wakiwa safarini ndani ya merikebu maarufu QE2. Watu walidhani hatakanyaga tena sitaha ile. Kumbe yeye aliuza vitu vyake, akarudi, akafanya chumba cha merikebu kuwa nyumba yake. Alikaa humo miaka mingi, akicheza karata mchana na dansi jioni, mpaka QE2 ilipoacha kazi mwaka 2008 na kupelekwa Dubai. Alisema kwamba gharama haikupita sana ile ya nyumba ya kutunzia wazee. Huko, alisema, angewekwa kitini kutazama ukuta.

Si kila mtu ana fedha kama zake, na hapa kuna jambo gumu ambalo abiria wapya hawalijui. Bei ya chumba hupangwa kwa watu wawili. Mtu akiwa peke yake, mara nyingi hutozwa nauli moja na nusu, au hata mbili kamili, kama kwamba kitanda kitupu nacho kinakula. Kwa hiyo siku mume anapozikwa, mke hupoteza mwenzake, na pamoja naye hupoteza nusu ya nauli. Mwaka 2010 merikebu Norwegian Epic ilitengenezewa vyumba vidogo 128 vya mtu mmoja mmoja, na makampuni mengine yameiga kidogo. Lakini vyumba hivyo ni vichache, navyo huisha upesi.

Wale waletao sahani

Ingekuwa kosa kuongea juu ya marafiki wa bahari bila kuwataja wale wasioketi mezani. Wahudumu wengi hutoka Filipino, Indonesia na India. Mkataba wao mara nyingi ni wa miezi sita hadi tisa, bila siku ya mapumziko kamili katikati. Sheria ya ulimwengu, yaani Mkataba wa Kazi za Baharini wa mwaka 2006, inaruhusu mpaka saa 14 za kazi katika saa 24, bila kupita saa 72 katika juma moja. Wanalala chini, karibu na maji, wawili wawili au zaidi katika chumba kidogo. Mshahara wanaupeleka nyumbani, na kwa huo watoto wanasoma ambao hawamjui baba yao ila kwa sauti.

Je, yule anayeketi na yule anayehudumu waweza kuwa marafiki? Mimi nina mashaka. Mmoja amelipa ili atabasamiwe, mwingine analipwa ili atabasamu. Na mbele ya malipo ni vigumu kujua tabasamu la nani ni la kweli. Lakini nimeona pia mambo yanayopunguza mashaka yangu. Wasafiri wa zamani hukumbuka majina. Huulizana, "Yule kijana wa Java sasa yuko merikebu gani?" na wakisikia amepanda daraja hufurahi kama mzazi. Wengine huchukua chombo fulani kwa sababu tu mhudumu wao yuko huko, wakambebea viatu vya mtoto sandukuni. Wapo pia, nao ni wengi kuliko inavyopaswa, ambao usiku wa mwisho hukwenda ofisini kuomba wafutiwe bakshishi, dola kumi na tano mpaka ishirini kwa siku, halafu hupita mbele ya mhudumu wao wakimpungia mkono. Kuhusu hao sina la kusema ambalo mhariri angelichapa.

Kwa mabaharia wote hao kuna wanaowakumbuka. Jumuiya ya Stella Maris, iliyoanza Glasgow mwaka 1920, hutuma mapadre na walei kwenye magati ya nchi nyingi, wapande vyomboni, wawape wafanyakazi kadi ya simu, mazungumzo, na Misa kwa anayeitaka.

Mwaka bahari ilipofungwa

Urafiki wa likizo ni rahisi. Kila mtu amepumzika, ameshiba, amevaa vizuri. Nani asiye mwema siku hiyo? Ndiyo maana wengi walidharau urafiki huu, wakisema hautavumilia hata mvua ya kwanza. Mvua ile ilikuja mwaka 2020.

Tarehe 3 Februari mwaka huo merikebu Diamond Princess iliwasili Yokohama katika Japani, ikiwa na watu 3,711, na ugonjwa wa korona umekwisha kuingia. Abiria walifungiwa vyumbani kwa majuma mawili. Wengine walikuwa katika vyumba vya ndani visivyo na dirisha, na waliruhusiwa kutoka kwa muda mfupi tu kupunga hewa. Wahudumu, wao, waliendelea kupeleka chakula mlango kwa mlango, kisha wakarudi kulala pamoja chini. Watu 712 waliambukizwa. Kwa muda ulimwengu mzima uliitazama merikebu ya starehe kama watu wa kale walivyomtazama mkoma.

Tarehe 14 Machi serikali ya Marekani ilikataza safari. Bahari ikafungwa. Makumi ya maelfu ya wahudumu walibaki ndani ya vyombo vitupu kwa miezi, maana bandari ziliogopa kuwapokea na nchi zao zilikuwa zimefunga mipaka. Na wale marafiki tuliowataja, wazee wengi wao, walifungiwa kila mmoja nyumbani kwake.

Basi, kumbe supu iliyoungua ilikuwa na kazi yake. Salamu ya kahawa haikukatika. Hapakuwa na safari ya kuhesabu, hivyo walihesabu vitu vingine: nani amejibu leo, nani hajajibu. Mtu asipoandika asubuhi, mwenzake wa nchi nyingine alimtafutia jirani wa kubisha hodi. Walifundishana kuoka mkate na kushona barakoa. Wengine waliwachangia fedha wahudumu waliokwama. Wengine walipokea habari ya kifo wakiwa peke yao, na neno la kwanza la faraja likatoka kwa mtu waliyeonana naye siku saba tu maishani. Zilipita siku nyingi kabla merikebu ya kwanza kutoka bandari ya Marekani na abiria waliolipa, Celebrity Edge, kuondoka Fort Lauderdale tarehe 26 Juni 2021, chini ya nahodha mwanamke, Kate McCue.

Tuchukue mfano wa mama mmoja wa nchi ile. Simpi jina, maana walio kama yeye ni wengi. Kwa miaka kumi na mitano alisafiri na mumewe kila mwezi wa Februari, meza ya watu wanane, saa mbili usiku. Katika miezi ile ya kufungiwa mume alifariki. Bahari ilipofunguliwa, marafiki wa meza walimwandikia: tunakwenda, njoo nasi. Alikataa. Alisema goti linauma. Alisema bei ya chumba kwa mtu mmoja ni wizi, na hapo alisema kweli. Hakusema kwamba anaogopa kile kiti.

Mwaka uliofuata mmoja wa wale dada wawili wa Kanada alimwandikia. Dada yake naye alikuwa amekwenda kwa Mungu. Basi, alisema, wewe una nusu ya chumba na mimi nina nusu ya chumba. Mtu wa kuhesabu aone hapo inapatikana nini. Nakuonya tu kwamba ninakoroma.

Mama alikaa na simu ile mkononi mpaka chai ikapoa. Kisha akajibu kwamba marehemu mumewe alikoroma kwa miaka arobaini na sita, na kwamba tangu aondoke yeye hajapata usingizi mzuri kwa sababu ya kimya. Asubuhi yake alikwenda kutafuta kalenda.